Nilimwogesha Wifi

Jumapili, 3 Machi

Kesho naanza kufundisha. Mimi! Niliyekuwa nasinzia kwenye kila semina hadi shingo inauma.

Wiki mbili nilikuwa mjini nikifundishwa namna ya kumhudumia mtu aliyebakwa. Sasa mkuu wa kliniki anataka niwafundishe wenzangu wote, kuanzia daktari hadi mlinzi wa geti. Kila siku saa nane mchana, wagonjwa wakipungua. Nimerudi na begi la vitabu, boksi la mifuko ya karatasi, na jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Wacha niliandike hapa nilione lilivyo.

Miaka kumi na moja iliyopita, Jumapili kama hii. Nilikuwa zamu peke yangu, kliniki ya zamani. Wifi — mdogo wake mume wangu, msichana wa miaka kumi na tisa, ameajiriwa duka la vifaa vya ujenzi — aliingia kwa mlango wa nyuma. Gauni limechanika begani. Tope hadi magotini. Akamtaja bosi wake, mwenye duka. Kisha akasema neno moja tu: wifi, niogeshe.

Nikachemsha maji. Nikayachanganya kwenye beseni hadi yakawa ya uvuguvugu. Nikamwogesha kama mtoto mchanga, kichwani hadi vidole vya miguu, kwa sabuni, mara mbili. Gauni nikalifua hapo hapo, nikalianika. Nikamvika langu. Daktari alimpima kesho yake, akaandika kwamba haoni dalili. Kesi ikafa kabla ya mwezi kwisha. Ukoo mzima ukasema daktari amenunuliwa. Alihama huku akizomewa hadi kwenye gari.

Na mwezi uliopita mkufunzi wa mjini akageuka ubaoni akaandika kwa herufi kubwa: ASIOGE. NGUO ZISIFULIWE. Wenzangu wote wakanakili. Mimi sikunakili.

Hakuna aliyenunuliwa. Ushahidi niliumwaga mimi, kwenye mtaro wa nyuma, na povu lake.

Wifi hajui. Anaamini lile beseni ndilo lililomwokoa. Siku hizi ni fundi cherehani, na kila mwaka ananishonea gauni. Ninayo kumi na moja kabatini.

Jumatatu, 4 Machi

Somo la kwanza. Chumba cha chanjo, viti tisa, watu wanane. Daktari wetu kijana alichelewa dakika ishirini, akaingia na simu sikioni. Mama wa usafi alikataa kiti — akasimama mlangoni na dekio lake, eti hizi ni habari za wasomi. Nikamwambia mama, mtu akija analia alfajiri, wa kwanza kumwona ni wewe. Akakaa.

Nikauliza: mtu huyo akifika hapa kwetu leo, nini kitatokea? Aibu tupu! Mlinzi akasema asiye na karatasi ya polisi yeye hampitishi. Nani alikuelekeza hivyo? Akanitazama kwa heshima zote: ni wewe, sista, mwaka ule nilipoajiriwa.

Kweli. Ni mimi. Nikawaambia matibabu kwanza, karatasi baadaye, na dawa za kukinga Ukimwi zina saa sabini na mbili tu. Kumrudisha mtu getini ni kumlia saa zake.

Kisha karani wa dirishani. Tunamwita Spika, na si kwa ajili ya bunge. Sauti yake! Akiuliza "unaumwa nini" foleni nzima inajua, na kituo cha mabasi kinajua. Anasema asipouliza ataandika nini kwenye daftari? Tukacheka. Yeye hakucheka. Nadhani nimemuumiza, na sikukusudia.

Jumanne, 5 Machi

Tumekubaliana neno la siri. Manusura anaambiwa getini aseme dirishani: nimekuja chumba namba sita. Basi, haulizwi zaidi. Wazo la dada wa maabara. Zuri sana, nikalisifu.

Baada ya somo mkuu akaniita ofisini, uso unang'aa. Wiki ijayo Ijumaa, siku ya kufunga, tutakuwa na mgeni. Manusura mwenyewe, azungumze na wafanyakazi, aeleze nini kilimsaidia. Amempata mwenyewe, walipokuwa wanaongea juu ya mapazia ya chumba kipya cha kuhudumia manusura. Fundi cherehani. Mwanamke jasiri. "Kumbe ni wifi yako, sista! Mbona hukuniambia?"

Nikasema vizuri.

Vizuri! Ulimi hauna mfupa.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio la neno la siri. Dada wa maabara akajifanya mgonjwa, akapanga foleni na wagonjwa wa kweli, akafika dirishani, akanong'ona. Spika akanong'ona pia, ila kwa namna yake: "AH! CHUMBA NAMBA SITA! PITA MAMA, WEWE NI WA SIRI!"

Foleni yote ikageuka. Mzee mmoja mwenye kikohozi akainua fimbo, akasema naye anaomba hicho chumba namba sita, maana anaona foleni yake fupi.

Nilitamani kucheka na kulia pamoja. Spika alibaki anatazama daftari lake, masikio yamemshuka. Baadaye alinifuata kwenye korido. Anasema baba yake alikuwa kiziwi, nyumbani kwao usipopaza sauti huli. Miaka hamsini na tatu ameongea hivi. Atafanyaje?

Nilimshika bega. Nikaenda chooni nikakaa dakika tano bila kufanya lolote.

Ijumaa, 8 Machi

Somo la ushahidi. Nililiogopa wiki nzima, sikula hata mkate wa asubuhi.

Niligawa mifuko. Ya karatasi, si ya plastiki, maana plastiki inaozesha. Kila nguo mfuko wake. Tarehe, saa, saini. Kisha nikaandika ubaoni maneno yale yale ya mkufunzi, na chaki ikakatika kwenye neno la kwanza. Nikawapa mfano. "Kulikuwa na muuguzi mmoja," nikasema. Muuguzi mmoja! Nikasimulia yote kama habari ya mtu wa mbali.

Daktari, safari hii simu ameiweka chini, akasema basi daktari wa kesi hiyo aliandika kweli tupu. Hakuona kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Nikasema ndiyo. Nikaona tena lile gari, na watoto wakilikimbilia na mawe.

Ndipo mama wa usafi akainua mkono. Siku zote hainui. Akauliza: na akiomba maji mwenyewe? Mtu amechafuliwa, analilia maji, utamnyima? Nikajibu kama kitabu kinavyosema. Humnyimi. Unamweleza kitakachopotea, unachukua kwanza sampuli zinazotakiwa kama ameridhia, halafu anaamua yeye. Mwili ni wake.

Akafikiri. Akasema basi huyo muuguzi kosa lake si maji, roho yake ilikuwa nzuri. Kosa ni kwamba hakumwambia mwenzake.

Wote wakatikisa vichwa. Mimi nikafuta ubao kabla ya wakati.

Maana bado sijamwambia. Miaka kumi na moja namfichia yaliyompata mwenyewe. Na nilijua lini? Niseme ukweli, hapa hakuna wa kunisikia. Mwezi uliopita nilijua kamili. Ila nusu nilijua siku ile ile daktari alipouliza, ameshaoga? — na mimi nikatazama dirishani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa wifi. Niliapa njiani: nikifika tu, kabla ya salamu.

Nikakuta ameshusha mapazia ya kliniki mapajani, kijani kibichi, anapinda ncha. "Karibu wifi yangu, mama yangu!" Akanikalisha. Akasema ana kitu nikisikilize. Akatoa karatasi, ameandika mistari mingi, akasoma kwa ile sauti ya mtoto wa shule anayetaka kusifiwa. Inaanza hivi: "Kitu cha kwanza kilichonirudishia utu wangu kilikuwa beseni la maji. Wifi yangu hakuniuliza maswali. Aliniogesha."

Akaniuliza, vipi? Nzuri?

Nikafungua kinywa. Wallahi nilikifungua. Akaingia mteja na suruali ya kupunguza kiuno.

Mteja alipoondoka wifi akachukua utepe, akanipima kifua na mabega. Gauni la kumi na mbili, la kuvaa siku ya kufunga mafunzo. Akasema nimekonda, nini kinanila? Nikasema kazi.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anachomelea mguu wa meza nje, akazima mashine, akavua miwani. Mdogo wake wa pekee. Kisha akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ukimwambia sasa utamfungulia kidonda kwa faida ya nani? Yake au yako?

Si ndwele! Mimi ni muuguzi, ndwele naijua nikiiona. Lakini swali lake naendelea kulirudia. Kwa faida ya nani?

Mchana tulikula kwa mama mkwe. Kama kawaida ikafika zamu ya yule daktari, akamlaani hadi kizazi chake. Halafu akanigeukia, akaniongezea mchuzi: wewe mwanangu Mungu akulipe, wema hauozi. Mume wangu akainama kwenye sahani. Nilikula nikamaliza, ili nisiseme.

Jumatatu, 11 Machi

Sijasema.

Ila Spika! Leo, wakati wa mazoezi, hakufungua kinywa kabisa. Aliinuka kwenye kiti — na goti lake lile baya — akatoka nje ya dirisha lake, akazunguka, akamwinamia dada wa maabara na kumwonyesha njia kwa mkono. Akamsindikiza hadi mlangoni. Anasema sauti imemshinda, basi atatumia miguu. Na atamfanyia hivyo kila anayeonekana hoi, mwenye malaria na mwenye jambo lingine, ili watu wasitambue nani ni nani.

Tumempigia makofi. Mtu wa miaka hamsini na tatu amebadilika kwa siku nne. Mimi je?

Jumanne, 12 Machi

Nimempigia wifi. Akapokea. Nikamwuliza kama mapazia yako tayari. Yako tayari. Basi, asante, kwaheri.

Mjinga mimi.

Jumatano, 13 Machi

Nimesema.

Alikuja saa tano kutundika mapazia ya chumba kipya. Chumba hakina kitu bado, kitanda tu na ndoo. Alipanda kwenye stuli, nikaishika. Alikuwa na pini mdomoni, kama sita hivi, anazitoa moja moja. Nikatazama visigino vyake. Sikutaka uso. Nikasema yote, kwa mfululizo, kama mtu anayesoma matokeo ya maabara: maji, sabuni, gauni, daktari hakununuliwa. Kesi ilifia mikononi mwangu. Sikukwambia. Nakuomba radhi.

Hakuweza kujibu, pini zilikuwa mdomoni. Alizitoa. Polepole, moja, nyingine, anazichomeka kwenye kitambaa, hadi zikaisha. Akashuka. Alikuwa ameweka mkono begani pangu ili asianguke, na alipofika chini akauondoa.

Akauliza swali moja. Nilijua lini?

Nikasema nusu tangu siku ile. Kamili tangu mwezi uliopita.

Angenipiga ningeshukuru. Alirudi juu ya stuli akamaliza pazia la pili. Akalinyoosha. Akakusanya pini zake, akahesabu kama zimetimia, maana chumbani watalazwa watu. Akatoka bila kuniaga.

Nikamfuatilia dirishani. Kwa miaka kumi na moja wifi hapiti barabara ya mbele, kwa sababu lile duka bado lipo na mwenye duka bado anakaa kibarazani na gazeti lake. Huzunguka nyuma ya shule, dakika kumi na tano zaidi, jua au mvua. Leo alifika njia panda akasimama. Akashika ya mbele. Alitembea katikati ya barabara, taratibu, hadi nikampoteza.

Sijui nimefanya nini.

Alhamisi, 14 Machi

Simu yake imezimwa. Kibanda chake cha cherehani kimefungwa, jirani anasema hajamwona tangu asubuhi. Mume wangu amekwenda kwao akamkuta jikoni anamenyea mama yao viazi. Alimjibu salamu, akamwambia nimwache apumue. Mama mkwe hajui kitu. Bado.

Mume wangu hakuniambia "nilikuonya". Afadhali angesema. Amenitengenezea chai, akaikoroga mwenyewe, akasahau sukari.

Mkuu ameuliza mara mbili kama mgeni wetu yuko tayari. Nikasema sina uhakika, labda hatakuja. Akakunja uso: mbona ratiba imeshatoka?

Somo la leo lilikuwa la kusikiliza. Usimkatize. Usimwambie unajua anavyojisikia. Usimwombe akutulize wewe. Nilisoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Nilipokuwa namshikia ile stuli, nilikuwa namtaka nini kama si kunituliza?

Kichwa kinaniuma. Nimepanga upya kabati la dawa ambalo lilikuwa limepangwa.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi. Sijavaa gauni la kumi na mbili, halikuletwa. Nimevaa sare. Mafunzo yanafungwa saa nne. Nimebeba daftari hili mfukoni, sijui kwa nini.

Saa nne na nusu. Stoo.

Amekuja.

Mlinzi hakumwuliza kitu, alimfungulia geti na kumwamkia. Spika aliinuka na goti lake, akamsindikiza hadi chumba cha chanjo bila sauti. Wafanyakazi wote walikuwepo, hata daktari, simu haionekani. Wifi hakunitazama. Alikuwa na kifurushi kwapani, kimefungwa kwa kitambaa cha kijani, mabaki ya mapazia yetu.

Mkuu akamkaribisha. Wifi akasimama. Ile karatasi ya mistari mingi hakuitoa. Alifungua kifurushi mezani, na nilikijua kabla hakijafunguka. Gauni la bluu. Begani pana mshono, ameushona mwenyewe kwa uzi mweupe unaoonekana. Safi kabisa! Miaka yote hii amelitunza, na mimi nilidhani lilitupwa.

Akasema alikuwa ameandaa maneno lakini ameyaacha nyumbani. Akasema: "Siku ile nilitaka maji kuliko nilivyotaka pumzi. Nikapewa. Mpaka leo sijui kama ningeambiwa yote ningekataa. Labda ningeoga vilevile. Lakini ningekuwa nimechagua mimi." Akasema aliyemwogesha yumo humu ndani.

Hakuna aliyegeuka. Mama wa usafi peke yake aliniangalia, mara moja, kisha akatazama miguu yake.

Ndipo wifi akanitazama. Macho makavu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuniomba nimpitishie chumvi: "Wifi, wewe ndiye mwalimu. Hebu lete ule mfuko wa karatasi. Waonyeshe hawa inavyofanywa. Na safari hii niulize kwanza."

Nimekuja stoo kuuchukua. Boksi liko rafu ya chini, halikunipa tabu. Dakika tatu nimesimama hapa, daftari juu ya boksi. Hatua zote nazijua. Mweleze. Mwulize kama anaridhia. Ngoja jibu. Ikunje nguo, usiikung'ute. Mfuko wake peke yake. Tarehe, saa, saini ya aliyepokea.

Na akisema haridhii? Mbele ya watu wote?

Kule chumbani Spika hata hakohoi. Nasikia kiti kinasogezwa, halafu sauti ya wifi: "Wifi? Tunakungoja."

Mfuko ninao mkononi. Nimeanza kuujaza kwa kalamu hii hii. Jina lake nimeandika. Saini nimeweka. Sehemu ya tarehe bado iko wazi: ya leo, au ya Jumapili ile?